Kila Nikipanda Ngazi Dogo Anaharibu

Jumapili, 5 Oktoba

Mimi Loretta ni mke wa mtu! Naliandika hilo kila siku tangu harusi na bado silichoki. Mke wa Kaz Nowicki. Kaz mwenye kidevu kile. Kaz anayeimba huku akipiga mswaki.

Leo Jumapili yangu ya kwanza kwa wakwe nikiwa mke halali na si mgeni. Tulitoka kanisani, tukapitia nyumbani kuchukua kapu la nguo chafu (kifleti chetu hakina mashine ya kufulia, wala sijali, mapenzi yanatosha), tukawahi kwa wakwe kabla mechi haijaanza. Hapa Toledo mtu hakosi mechi ya Wavunja Barafu, timu yetu ya mpira wa Kimarekani. Padri mwenyewe alifupisha mahubiri.

Sebuleni kila mtu ana mahali pake. Baba mkwe, Mzee Stan, kwenye kiti chake cha kuegemea, kofia imegeuzwa nyuma mbele. Mama mkwe, Bernadine, karibu na mlango wa jikoni. Wifi yangu Trudy, dada mkubwa wa Kaz, kwenye pembe ya sofa. Halafu Kaz. Halafu ubavuni mwa Kaz, nafasi. Nafasi yangu! Nikakaa. Kaz akanishika mkono. Nikajiambia: hapa ndipo nitakapokaa kila Jumapili mpaka tuote mvi. Machozi yakanilenga.

Kisha mrushaji wetu wa siku zote akaumia bega. Akaingizwa chipukizi, Tobias Crane, mtoto wa juzi tu kutoka chuoni, hajacheza hata dakika moja ya ligi. Kazi ya mrushaji ndiyo timu yenyewe: mpira unaanzia kwake, na yeye ndiye anayeamua umwendee nani. Mzee Stan akafunika uso kwa kofia. Akasema eti amewaona wengi wakija mjini hapa na meno meupe na kuondoka na magongo. Kabla hajashika mpira, nyumba nzima ilishaanza kumwita Dogo.

Dogo alikuwa balaa. Mpira wa kwanza ulipita juu ya vichwa vya watu. Wa pili ukanyakuliwa na wapinzani. Wa tatu hakuurusha kabisa, aliukumbatia kama kichanga mpaka jibaba likamwangukia. Kufika mapumziko tulikuwa nyuma kwa alama kumi na saba, na Trudy anatafuna zipu ya sweta.

Nikakumbuka taulo. Nikashuka chumba cha chini ya nyumba, kwenye mashine. Niko natia sabuni, juu pakalipuka kelele. Alama sita! Dogo kautuma mpira karibu nusu ya uwanja, ukatua mikononi mwa mwenzake kwenye mstari wa mwisho kama kifurushi kilicholipiwa. Nikapanda ngazi mbio, nikakaa, nikamkumbatia Kaz. Papo hapo Dogo akaudondosha mpira. Nikashuka kuhamishia taulo kwenye mashine ya kukaushia. Alama sita tena! Nikapanda. Akaangushwa.

Trudy akanigeukia polepole. Akaniuliza, kwa upole kabisa, kama taulo zimekauka. Nikasema bado. Akasema, "Basi nenda kazitazame, wifi yangu. Kazitazame vizuri."

Robo yote ya mwisho nimeikalia ndoo iliyopinduliwa, nikisikiliza dari. Tumeshinda! Nilipopanda, Mzee Stan alinibusu kwenye paji la uso, yeye ambaye siku ya harusi alinipa mkono tu. Kaz akaninyanyua juu juu, akaniita malaika. Siku bora kuliko zote maishani mwangu, ukiondoa harusi.

Jumatatu, 6 Oktoba

Bado naelea. Kazini (nakaa mapokezi kwa daktari wa meno) kila mgonjwa anamzungumzia Dogo, hata wenye pamba mdomoni. Mmoja anasema ni nyota. Mwingine anasema ni bahati ya siku moja. Nikawa natabasamu kama mtu anayejua siri ya serikali.

Jioni Kaz wangu kaja na habari njema. Eti baba yake amenitafutia kiti cha kukunja, kile kizuri chenye mto, kwa ajili ya Jumapili. Moyo ukanijaa. Nikamuuliza kitawekwa upande gani wa sofa.

Akanitazama kama sijaelewa. Akasema, "Si kule chini, mpenzi."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanieleza, taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kuvuka barabara, kwamba kwao mambo yakienda vizuri, pale ulipokuwa ndipo unapobaki hadi msimu uishe. Mjomba wake Walt alikuwa gereji anatafuta kamba siku timu ilipoanza kushinda, akabaki gereji majira yote ya baridi, akila chakula juu ya boneti ya gari. Timu ikafika nusu fainali. Mjomba Walt anaheshimiwa mpaka leo.

Nimelia bafuni, bomba likiwa wazi ili asisikie. Sikuolewa nikakae na tangi la maji moto! Nilitaka kitu kimoja tu: Jumapili, sofa, ubavu wa Kaz.

Lakini sikati tamaa. Nina akili. Nina cheti cha sekondari. Nitaithibitishia familia hii kwamba Dogo ni mzuri kwa kipaji chake mwenyewe, mimi niwe chini, juu au mwezini.

Jumatano, 8 Oktoba

Mpango wa kwanza: elimu. Jana na leo nimetazama marudio ya mechi nzima. Kaz alifurahi mno, akanikaangia soseji. Haniulizi kwa nini. Kipenzi changu kisicho na shaka!

Nilichoona ni hiki. Kabla ya mapumziko miguu ya Dogo ilikuwa inarukaruka kama amekanyaga sakafu ya moto. Tena alikuwa anamkodolea macho yule anayetaka kumrushia, kwa hiyo wapinzani walijua mapema kama wamesomewa tangazo. Baada ya mapumziko kocha akampa mipira mifupi ya harakaharaka, asipate muda wa kuogopa. Miguu ikatulia. Akaanza kutazama kushoto na kurusha kulia. Mkono anao, hilo halina ubishi. Moyo anao: anasimama mpaka sekunde ya mwisho hata jitu likimjia. Kasoro yake ni kuung'ang'ania mpira. Kasoro hiyo huisha na uzoefu.

Hitimisho: aliyemtengeneza ni kocha. Si mimi. Si taulo.

Leo chakula cha jioni kwa wakwe nikasimama na kuyasema yote. Nilisema vizuri sana, naomba niandike hivyo. Kaz alipiga makofi. Mama mkwe akasahau kuongeza kabichi. Mzee Stan akasikiliza macho yamefumbwa, akatingisha kichwa, akasema binti huyu ana jicho, binti huyu ameona miguu, watu wanalipwa kwenye televisheni na hawajaona miguu.

Nikavimba kwa furaha.

Kisha akafumbua jicho moja. "Umeona sawasawa kabisa, binti. Miguu ilitulia. Sasa jiulize: ilitulia wewe ukiwa wapi?"

Trudy alicheka mpaka akakohoa. Akaongeza eti uchambuzi wangu ni hazina, nitautumia sana kule chini.

Jumapili, 12 Oktoba

Mpango wa pili: kutoleta nguo. Ni rahisi hivyo tu. Bila nguo chafu hakuna sababu ya kushuka. Niliingia kwa wakwe mikono mitupu, nimevaa sketi ya kijani anayoipenda Kaz, nikaenda moja kwa moja kwenye sofa na kukaa.

Mama mkwe akauliza kama kapu limesahaulika garini. Nikasema wiki hii hatukuchafua kitu. Akanitazama kwa huruma kubwa. Watu wawili wenye afya, wiki nzima, bila kuchafua kitu.

Mechi ikaanza. Dogo akarusha nje. Akarusha chini, mguuni kwa mwenzake. Nilieleza kwa sauti ya utulivu kwamba kocha amerudi kwenye mipira mirefu, hilo ni kosa la kocha. Dogo akaangushwa. Mzee Stan akaanza kupumua kupitia meno. Nikasema mstari wa mbele haumkingi, mtazameni nambari sitini na sita, amelala! Mpira ukanyakuliwa.

Trudy akachukua bakuli la supu ya nyanya, akaliinua, akalipindua juu ya kitambaa cha meza cha mama yake. Mchana kweupe. Huku ananitazama usoni. "Loo," akasema. "Kitambaa cha marehemu bibi. Nani atakiwahi kabla doa halijashika?"

Hakuna aliyesogea. Nikamgeukia Kaz wangu, mwamba wangu. Mkono wake ndani ya mkono wangu ulikuwa umelowa jasho. Akaninong'oneza, "Mpenzi, huoni kiu?"

Nikasema sina kiu.

Akasema kule chini kuna bomba zuri sana.

Nimeshuka na kitambaa. Sikufika hata ngazi ya mwisho. Alama sita! Halafu nyingine! Tumeshinda kwa pointi moja. Nilikuwa peke yangu na doa la nyanya, na doa halikutoka.

Nyumbani Kaz aliniomba msamaha kwa machozi ya kweli. Akanisugua miguu. Akaniambia hakuna mwanamke kama mimi duniani. Nilimsamehe kabla hajamaliza sentensi. Kwani nina moyo wa chuma?

Jumanne, 14 Oktoba

Mjini wamechora uso wa Dogo kwenye ukuta wa duka la mikate. Mgonjwa mmoja leo alisema huyu kijana atakuwa nguzo yetu kwa miaka kumi. Miaka kumi! Nilihesabu haraka. Nitakuwa nimezeekea chumba cha chini. Watoto wangu watanijua kama sauti inayotoka sakafuni.

Mchana, nikiwa naandika miadi ya mtu wa kung'olewa jino, mpango wa tatu ukanijia wote mzima kama ndoto. Chumba cha chini kina mlango wa nje, ule wa mbao ulioinama, unaotokea bustanini nyuma ya nyumba. Nitashuka na kapu kama mwanakondoo. Nitawasha mashine ya kukaushia na kutia ndani buti la kazi la Kaz, lidundedunde, juu wasikie nipo. Halafu nitatoka kimya kimya, nizunguke hadi dirisha la sebule, nitazame mechi nzima kwa macho yangu mawili. Dogo atacheza vizuri huku namtazama. Nami nitakuwa na ushahidi!

Nimejawa furaha nikamkumbatia mgonjwa.

Jumapili, 19 Oktoba

Naandika kwa shida, vidole vimeganda.

Mpango ulianza kama siagi. Nilishuka, familia ikanishangilia. Mama mkwe alinipa sahani ya maandazi yao ya viazi. Trudy mwenyewe akanifungulia mlango na kuniita wifi wa dhahabu. Buti ndani, mashine ikaanza: du, du, du. Nikatoka kwa mlango wa nje.

Mvua ya kutoka ziwani ilikuwa inapiga ubavuni. Nilijibana kwenye maua ya mama mkwe chini ya dirisha, nikachungulia kati ya pazia na fremu. Runinga ile pale! Na kichwa cha Kaz, nywele zake nyuma ya shingo zikiwa zimejikunja kidogo. Nilitaka kuvunja kioo nizipapase. Mahali pangu kwenye sofa palikuwa na mkoba wa Trudy. Mkoba! Umekaa kabisa, umeegemea.

Na Dogo? Ee Mungu wangu, Dogo! Sijawahi kuona mtu akicheza hivyo. Miguu imetulia kama ya mtu anayesubiri chai. Akitazama kushoto, mabeki wote wanakimbilia kushoto, mpira unakwenda kulia. Lilipomjia jitu, alisogea hatua moja tu ndani, kama mtu anayempisha mzee kanisani, akarusha. Hakuung'ang'ania! Kasoro yake ya pekee imekwisha! Na mimi nilikuwa natazama, kila mrusho, kope sijafumba. Alama sita, mara tatu. Nilirukaruka matopeni mwenyewe, nikakanyaga maua ambayo sitayataja majina.

Zilibaki dakika chache. Tunaongoza. Ushahidi ulikuwa kamili. Mtu mwenye busara angengoja mechi iishe.

Niligonga dirisha. Sikuweza kujizuia! Niliwapungia mikono yote miwili, nimelowa, nacheka, nikapiga kelele kwamba nimeona yote, nimeona tangu mwanzo, si mimi, ni kipaji! Wote wakageuza shingo. Mama mkwe alipiga ishara ya msalaba. Na nyuma ya vichwa vyao vinne, kwenye runinga ambayo sasa naitazama peke yangu, Dogo akaurusha mpira taratibu, vizuri kabisa, kifuani mwa mpinzani. Yule mpinzani akakimbia nao mpaka mwisho wa uwanja bila kuguswa na mtu.

Tumeshindwa.

Nilipoingizwa ndani nilijaribu kueleza. Mechi nzima nilikuwa natazama! Mechi nzima alicheza kama malaika! Trudy akasema ndiyo, ajabu, alicheza kama malaika muda wote nilipokuwa nje ya nyumba yenye kuta na paa, mpaka pale nilipoleta uso wangu. Nikasema hiyo si hoja. Mzee Stan akavua kofia. Sijawahi kumwona bila kofia. Akasema hana ugomvi na mimi, mimi bado ni binti yake, ila anaomba kwa sasa asiwe ananiona wakati mpira uko hewani.

Kisha tukasikia harufu. Buti. Mashine ya kukaushia imekufa.

Alhamisi, 23 Oktoba

Magazeti yamemgeuka Dogo. Wiki iliyopita nguzo ya miaka kumi, leo eti ameharakishwa, eti akili yake haiwezi dakika za mwisho, eti kocha amrudishe yule mzee mwenye bega bovu. Kwenye ukuta wa duka la mikate mtu amemchorea masharubu. Naandika haya kwa uchungu kwa sababu mimi na Dogo sasa tuko mashua moja. Wanatuhukumu kwa mrusho mmoja.

Mama mkwe alipiga simu kazini. Hana hasira hata kidogo, ndiyo maana iliuma. Aliuliza afya yangu. Aliuliza kikohozi. Halafu akauliza kama sina ndugu Indiana, jimbo la jirani, ambaye ningependa kwenda kumsalimia Jumapili. Nikasema sina mtu Indiana. Akasema, "Mwanangu, kila mtu ana mtu Indiana."

Nimeweka simu chini nikalilia kwenye kitabu cha miadi. Nimeolewa na mwanamume mzuri kuliko wote katika jimbo la Ohio na siruhusiwi kukaa karibu naye siku ambayo yuko nyumbani mchana kutwa.

Mipango imekwisha. Kichwani hamna kitu. Nimefikiria kuuzima umeme wa mtaa mzima lakini sijui unaanzia wapi.

Jumamosi, 25 Oktoba

Sikiliza, kijitabu changu! Kaz!

Jana usiku aliacha soseji yake nzima sahanini. Leo asubuhi akatoka bila kusema anakokwenda. Nikadhani amechoka nami. Nikapiga pasi shati lake moja mara nne.

Alirudi mchana mabega yana vumbi. Akanieleza yote mara moja, maneno yanagongana. Amekwenda kwa baba yake. Amesimama mbele ya kiti cha kuegemea, na runinga inawaka! Amesema yeye amemwoa Loretta mbele ya padri na hakumwoa ili akamhifadhi kama viazi. Trudy akamuuliza kama yuko tayari kuiua timu kwa sababu ya mapenzi. Kaz akamjibu, "Mke wangu alipo, nami nipo. Basi." Trudy akasema atajuta. Kaz akasema na ajute.

Basi! Alisema "basi" kwa Trudy!

Si hayo tu. Lile sofa dogo la watu wawili lililokuwa gereji, amelibeba na kulishusha chini yeye mwenyewe. Amenunua kiruninga kutoka kwa jirani. Ametundika taa ndogo za Krismasi kwenye tangi la maji moto. Mzee Stan aliruhusu, eti maadamu mimi niko chini sheria haijavunjwa, na huko sisi tufanye tunavyotaka.

Kesho, kwa hiyo. Sofa. Mechi. Ubavu wa Kaz. Kila nilichotaka, chini kidogo tu ya nilipokitaka. Nimemkumbatia mpaka akaomba hewa.

Jumapili, 26 Oktoba

Naandikia hapa hapa, chumba cha chini.

Nilipoteremka nilishika mdomo. Taa zinawaka nyekundu na kijani juu ya tangi. Blanketi limekunjwa. Mama mkwe ametushushia sahani ya soseji na kachumbari ya matango, akatubusu wote wawili na kupanda haraka. Kaz akakaa, akanyoosha mkono juu ya mgongo wa sofa, nikaingia chini ya mkono ule kama ufunguo kwenye kufuli. Nikafunga macho. Sina shida tena duniani, nilisema. Kweli nilisema hivyo, kwa sauti.

Kocha alikuwa na imani. Dogo akaanza yeye.

Mrusho wa kwanza, nje. Si neno. Kijana ana hofu baada ya yale ya wiki iliyopita. Kaz akanibusu nywele.

Wa pili, mwenzake aliudaka na kuuachia. Bahati mbaya. Kaz akanilisha soseji.

Wa tatu, akaangushwa. Nikakaa wima kidogo. Nikatazama marudio kwa makini, maana mimi natazama miguu. Miguu ilikuwa sawa. Macho yalikuwa sawa: kushoto, katikati, kulia. Mkono ule ule. Hakuung'ang'ania. Hakuna kosa lolote kitaalamu! Nikamwambia Kaz. Akasema mimi ni mwerevu kuliko wachambuzi wote, akanivuta karibu. Mpira ukanyakuliwa.

Juu, dari ikatoa mguno. Nilitambua kiti cha Mzee Stan.

Nikamtazama Kaz. Kidevu kile. Kope zile. Anatafuna tango, hana habari, mzuri kama nini. Nikajiuliza taratibu, kama mtu mwenye cheti chake cha sekondari anavyopaswa kujiuliza. Dogo hajabadilika. Kocha hajabadilika. Mimi nipo chini, kama mechi zile mbili tulizoshinda. Basi ni kitu gani, katika chumba hiki, ambacho hakikuwapo siku zile?

Nilimwambia kwa upole labda amekaa karibu mno. Akasogea. Dogo akausogeza mpira yadi nne.

Yadi nne! Nilimwambia asogee tena. Akasogea hadi mwisho wa sofa. Yadi tisa! Nikamwambia, mpenzi wangu wa milele, chukua sahani yako upande juu.

Alidhani natania. Nikamwekea sahani mikononi. Akasema, "Lori, lakini nimemwambia Trudy basi!" Nikasema najua, nitakushukuru mpaka kaburini, panda haraka, wanajipanga kurusha. Aliondoka kinyumenyume, ananitazama, kachumbari inamwagika, ngazi moja, ngazi nyingine. Kwenye ngazi ya katikati akasimama kuniuliza kama bado nampenda.

Alama sita!

Juu nyumba nzima ikatetemeka. Trudy analia kwa furaha. Mzee Stan anaita jina langu, binti, binti! Dogo ananyoosha mkono kuelekea kwangu kwenye kiruninga. Kaz, maskini, akaanza kushuka mbio kuja kunikumbatia.

Nilimpigia kelele asithubutu kusogea. Si chini, si juu. Hapo hapo!

Sasa ni robo ya tatu na tunaongoza. Yuko kwenye ngazi yake, sahani magotini. Amesema anasikia baridi, nimemrushia blanketi. Ananitazama kwa macho yale yale ya siku ya harusi, na mimi nampungia mkono kutoka kwenye sofa, peke yangu, kwa mapenzi yote niliyo nayo. Akinyoosha hata mguu mmoja, nitamrushia ndoo.